Baba wa Kozi

Kufikia wiki ya tatu ya kozi, Mwalimu Mapambo alikuwa ameshaua mama kumi na tisa, baba kumi na mmoja, mabibi wasio na idadi, na pacha mmoja ambaye mwandishi wake hakuwahi kuzaliwa pacha. Wote walikufa kwa Kiingereza. Walikufa kwa ajali za barabarani, walikufa wodini mashine zikilia, walikufa wameshika mkono wa mtahiniwa, na kabla ya kukata roho kila mmoja alijaliwa pumzi ya kutosha kusema sentensi tatu ndefu kuhusu umuhimu wa elimu. Mpita njia aliyetega sikio pale chini angedhani juu ya duka la rangi kuna mochwari. Kumbe ni watoto wa kidato cha mwisho tu, wanajiandaa na mtihani wa insha.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya pili, zamani kilikuwa stoo ya makopo. Mabenchi ya watu arobaini yalikaliwa na watu sitini. Madirisha yalikuwa mawili, na moja halikufunguka kwa sababu fundi aliyelipaka rangi aliligandisha na fremu yake, akalipwa, akaenda zake. Harufu ya rangi ilipanda kutoka chini mchana kutwa, ikachanganyika na jasho la watu sitini, na ukitoka pale jioni hata mate yako yalikuwa na ladha ya mlango mpya.

Jina la Mapambo alipewa na wanafunzi, naye akalipokea kwa mikono miwili. "Sentensi bila pambo," alipenda kusema, "ni bibi harusi aliyekuja na kandambili." Alivaa shati jeupe, mfukoni kalamu nyekundu tatu, na hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililoudhi zaidi. Angekuwa mjinga, watu wangemcheka wakaenda zao.

"Msahihishaji ana karatasi mia nne," aliwaambia siku ya kwanza. "Mgongo unamuuma, chai yake imepoa. Hataki ukweli wako. Anataka alie kidogo, akupe alama zako, ageuze karatasi. Sasa wewe kazi yako ni nini? Mlize!"

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila mtahiniwa alitakiwa kuwa na insha tatu za akiba kichwani, amezikariri neno kwa neno: moja ya huzuni, moja ya furaha, moja ya funzo. Swali likija mtihanini, hutakiwi kulijibu. Unalipinda. Unalipinda taratibu mpaka lifike pale ilipo akiba yako, halafu unaimwaga akiba yote kama ilivyo. Mapambo alitoa sentensi nne za kupindia, siyo zaidi, na kila siku walifanya mazoezi.

"Faida za maktaba!" alipaza sauti, na kidole chake kikamwangukia binti wa fundi cherehani, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu hakuweza kukariri bila kutoa sauti.

Redio akasimama, akafumba macho. "Maktaba ni mahali penye kimya," akasema kwa Kiingereza. "Kimya hicho hunikumbusha kimya kingine. Kilikuwa kimya cha wodi namba saba. Humo alilazwa mama yangu mpenzi, akipigania uhai wake kama simba jike."

"Nne kamili!" Mapambo akapiga meza. "Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Saa ile ile mama yake Redio alikuwa nyumbani, mzima kama chuma, anashona sare za shule, na jioni simba huyo alimgombeza mtoto wake kwa kuunguza mboga.

Msichana mmoja wa benchi la nyuma hakupiga makofi. Baba yake alimpachika jina la Chiriku tangu ana miaka mitatu, kwa domo lake lisilojua kufunga, na jina likabaki hata baada ya domo kufunga lenyewe. Chiriku alikuwa anapata kumi na tatu kati ya arobaini, wiki tatu mfululizo, na kila mara pembeni Mapambo aliandika kwa wekundu: Hakuna hisia. Sababu ilikuwa moja tu. Chiriku alikataa kuua. Baba yake alishakufa kweli, miaka miwili nyuma, na huyo hakutaka kumgusa. Aliyebaki ni mama, na kila aliposhika kalamu amfishe, mkono uligoma. Wala haukuwa uchuro anaouogopa. Kilikuwa kinyaa, kama mtu anayeambiwa atemee mate sahani ya mama yake.

Wiki ya nne Mapambo aliingia darasani na uso wa msiba. Rafiki yake mmoja, msahihishaji wa miaka mingi, alikuwa amemnong'oneza kwamba ajali za barabarani zimezidi. Wasahihishaji wamezizoea, hawalii tena.

"Hawalii!" akasema Mapambo, kwa uchungu wa mpishi aliyekuta vitunguu vimeisha. "Tunahitaji kifo ambacho hakijatumika. Sasa sikilizeni. Leo kila mtu ataandika jambo la kweli. Jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu. Nitasoma mimi peke yangu, na nikishasoma nakurudishia mkononi mwako. Naapa kwa kalamu hii."

Chiriku hakumwamini sana. Lakini kumi na tatu zilimchosha, na zaidi ya hapo, lile jambo lilikuwa limemkaa kooni miaka miwili kama mwiba wa samaki. Kwa Kiingereza lilikuwa jepesi kidogo, kwa sababu Kiingereza hakikuwa na sauti ya mtu yeyote wa nyumbani kwao. Akainama, akaandika ukurasa mmoja na nusu bila kuinua kichwa.

Aliandika kwamba baba yake alikuwa mwoka mikate, na kwamba figo zilipomharibikia miguu ilivimba mpaka viatu vyote vikamkataa. Aliandika kwamba ilikuwa Jumatano, saa tisa mchana, jua kali, mama yuko zamu. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, kwa sababu kucha zake zilikuwa ngumu na za njano na hazikukatika bila kulowekwa. Chiriku alikuwa amemaliza mguu wa kushoto. Alipoanza wa kulia, baba akasema, "Mwite mwenzangu aje." Mwenzangu, ndivyo alivyomwita mkewe.

Sasa baba huyo kwa siku aliagiza vitu ishirini: maji, mto, dirisha, maji tena. Simu ilikuwa inachajiwa jikoni. Chiriku akamjibu, "Subiri baba, nimalize mguu huu." Akaumaliza. Kidole gumba kilimchukua muda, kingine hivi hivi, mpaka kile kidogo cha mwisho. Alipoinua kichwa kumwambia tayari, baba alikuwa ameshaondoka, na mpaka leo binti yake hajui aliondoka kwenye kidole cha ngapi.

Mama alipofika mbio kutoka kazini, aliuliza swali moja tu: "Alisema nini?"

"Hakusema kitu, mama," Chiriku alijibu. "Alilala tu."

Hapo ndipo insha ilipoishia. Haikuwa na simba, haikuwa na mvua.

Kipindi kilichofuata Mapambo aliingia amekumbatia rundo la karatasi, bado zina joto la mashine ya fotokopi. Uso ulimng'ara. Akagawa nakala sitini, kila mtu yake, akasimama mbele na kusafisha koo. Juu ya karatasi paliandikwa: Pumzi ya Mwisho ya Baba.

Chiriku alimtambua baba yake kwenye sentensi ya pili, japo walikuwa wamemvalisha. Kochi lilikuwa limekuwa kitanda cheupe. Beseni halikuwepo, kucha hazikuwepo. Binti alikuwa ameshika mkono wa baba, na uso wa baba ulikuwa mtulivu kama wa malaika. Nje mvua ilinyesha kana kwamba mbingu nazo zimefiwa. "Mwite mama yako mpenzi," baba akanong'ona. Binti akatoka mbio, miguu mitupu, matope hadi magotini, akapita mitaa saba radi zikimmulikia njia. Na mama akafika. Mama alifika kwa wakati, akamkumbatia mumewe, na baba akatoa zile sentensi tatu za elimu kisha akafa mikononi mwa mkewe, akitabasamu. Jumatano peke yake ndiyo iliyoachwa kama ilivyokuwa.

Redio alikuwa analia machozi ya kweli, anayafuta kwa karatasi yenyewe. Chiriku mdomo ulimjaa maji ya kichefuchefu. Alinyanyuka, akawakanyaga watu vidole, akatoka hadi barazani na kushikilia chuma cha ukingo. Akatema mate. Akatema tena. Chini muuza rangi alikuwa anakoroga kopo la rangi ya waridi kwa kijiti, na harufu yake ikapanda moja kwa moja puani. Nyuma yake darasani akasikia Mapambo anahesabu moja, mbili, tatu, na midomo sitini ikaanza kwa pamoja: "Ilikuwa siku ya Jumatano..."

Kuna kinyaa cha macho na kuna kinyaa cha pua, na vyote hivyo mtu anajikaza kisabuni vikapita. Kile alichokiona Chiriku pale barazani kilikuwa cha aina nyingine. Watu sitini walikuwa wamemtia baba yake mdomoni, wanamtafuna, kila mmoja kwa lafudhi yake, na aliyekosea neno alirudishwa mwanzo amfishe upya.

Alisubiri watu watawanyike, akaingia. Mapambo alikuwa anakusanya kalamu zake.

"Mwalimu, uliahidi utasoma peke yako."

"Nilisoma peke yangu." Akafungua mkoba, akamtolea ile karatasi yake halisi. "Hii hapa, nakurudishia mkononi. Kuna mtu mwingine ameiona?"

"Lakini umeigawa!"

"Niliyoigawa siyo uliyoandika wewe. Yako ina kucha." Uso ulimkunjamana kabisa, kama aliyekuta ukucha kwenye chakula. "Kucha, binti yangu? Za miguu? Msahihishaji anatafuna karanga huku anasahihisha, wewe unamletea kucha za mgonjwa ndani ya beseni?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Na ndiyo maana umepata kumi na saba. Nimekuongezea nne za ujasiri." Akamgongea karatasi kwa kidole. "Yangu itawapa watu thelathini na tano. Watoto sitini watavuka kwa mgongo wa baba mmoja. Hiyo ni sadaka. Ungetakiwa ufurahi."

"Huyo siyo baba yangu."

"Sasa si ndicho ninachokwambia?" Mapambo akacheka, bila ubaya wowote, na kutokuwepo kwa ubaya huo ndiko kulikomtia Chiriku kinyaa upya. "Wako unaye wewe. Huyu ni baba wa kozi. Lakini nikushauri kitu. Jumatatu ya mtihani umpeleke huyu. Ukimpeleka yule wa kucha, utafeli naye."

Chiriku alisoma karatasi yake akishuka ngazi. Neno kucha lilikatwa kwa wekundu mara saba. Na pembeni, pale alipomwambia baba yake asubiri, Mapambo alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri, wa kujali: Mbona hakumwita mama? Msomaji hatampenda mhusika huyu. Mrekebishe.

Zilibaki wiki mbili, na katika wiki hizo mbili yule baba wa kozi alikufa mara nyingi kuliko kuku wa sherehe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mapambo aliposifiwa kwa insha yake mpya aliongeza mbwa mwaminifu mlangoni. Wanafunzi nao kila mtu akatia chumvi yake. Mmoja alimgeuza baba akawa mjomba, ili asifanane na wengine. Mwingine aliomba ruhusa amfanye rubani. Kijana wa benchi la mbele yake, ambaye kama wenzake wote hakujua insha imetoka wapi, alimgeukia Chiriku na kumuuliza kwa nia njema kabisa, "Eti mvua naianzisha kabla hajafa, au akishakufa?"

"Haikunyesha," Chiriku akamjibu.

"Nani kakwambia?"

Angemwambia nini? Alikaa tu anatazama mdomo wa yule kijana unavyofunguka na kufunga, akaona meno, akaona ulimi, akaona baba yake anapita katikati. Akahamia benchi lingine.

Kilichomuudhi hasa kilikuwa kule kufika kwa mama. Mvua angeivumilia, na hata mbwa. Lakini kila walipofikia pale binti anapotoka mbio, kila zile sauti sitini zilipomleta mama mlangoni kwa wakati, Chiriku alihisi kama kuna mtu anamfunua nguo mbele ya watu. Walikuwa wanafanya kwa urahisi, kwa kukariri, jambo ambalo yeye alishindwa kulifanya na simu iko hatua kumi. Alichukia ule urahisi. Alimchukia yule binti wa miguu mitupu, mtakatifu wa matope, kuliko alivyowahi kumchukia mtu wa kweli.

Na balaa halikubaki kule kwenye rangi. Redio alikaa ghorofa ya chini yao, na alikuwa na mahali pake pa kukariria: ngazi ya nne, hapo sauti ilipopata mwangwi. Asubuhi baba anakufa. Mchana baba anakufa. Chiriku alianza kushuka akiwa ameziba masikio, watu wakadhani anaumwa jino.

Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani, mama yake alitoka zamu saa nane mchana. Alikuwa dobi wa hospitali. Kazi yake ilikuwa mashuka, tangu asubuhi mashuka, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji na kunuka dawa ya madoa hata siku za mapumziko. Chiriku alikuwa anashuka na ndoo ya maji machafu kwenda kumwaga. Alipofika kwenye kona ya ngazi akasikia sauti ya mama yake chini, akasimama.

Mama alikuwa amekaa ngazi ya tatu, viatu amevua, anapumzisha miguu. Juu yake kidogo, Redio na karatasi yake.

"Nieleze kwa Kiswahili, mwanangu," mama alikuwa anasema. "Hicho Kiingereza chenu kinakimbia sana. Mwenzio huko juu simsikii akisoma hata neno, mimi naishia kusoma kwako."

Redio hakuhitaji kubembelezwa. "Ni baba, mama, anaumwa. Yuko na binti yake tu nyumbani. Sasa anajua anakufa. Akamwambia binti yake, mwite mama yako. Binti akatoka mbio na mvua yote ile, akamleta."

"Akamkuta bado yupo?"

"Akamkuta! Wakaagana kabisa. Akafia mikononi mwake."

Mama akasugua unyayo mmoja kwa kidole gumba. Kisha akainua kiwiko akafuta macho.

"Heri huyo mama," akasema. "Aliitwa."

"Ni hadithi tu, mama. Ya mtihani."

"Najua ni hadithi. Heri hata huyo wa hadithi."

Juu kwenye kona, ndoo ilimlemea Chiriku akaiweka chini polepole. Mama hakusema heri alifika. Alisema heri aliitwa. Miaka miwili Chiriku aliamini amemfichia mama yake uchungu, amemwekea kifo laini, kisicho na neno la kuuma. Alilala tu, hakusema kitu. Ni sentensi nzuri, fupi, safi, isiyo na kucha. Hata Mapambo angeipa alama. Nyani haoni kundule: wiki mbili nzima alitema mate barazani kwa ajili ya chumvi ya mwalimu, kumbe chumvi ya kwanza aliitia yeye, na aliyelishwa ni mama yake. Kinyaa kikageuka kikamtazama yeye, na safari hii hapakuwa na baraza la kukimbilia.

Akaiacha ndoo pale pale, akapanda. Alipoingia mama yake, dakika chache baadaye, alimkuta amesimama katikati ya chumba na karatasi mkononi.

"Nani ameacha ndoo kwenye ngazi watu wavunjike miguu?" mama akauliza. Kisha akauona uso. "Kuna nini? Wamekufukuza kozi?"

"Kaa, mama."

"Nikae kwa nini? Umefanya nini? Una mimba?"

"Sina mimba. Kaa, mama. Nina insha nataka nikusomee."

Mama akakaa ukingoni mwa kochi, mkoba bado begani, kama mtu aliyeitwa ofisini asijue kosa lake. Chiriku akaanza kusoma. Macho yalisoma Kiingereza na mdomo ukasema Kiswahili, na hapo ndipo alipogundua alichokuwa amekikimbia: kwa Kiswahili kila mtu alirudi na sauti yake. Alisoma mikate. Alisoma viatu. Alisoma beseni, na mama akatazama chini mahali beseni lilipokuwa siku ile, akavuta miguu yake nyuma. Alisoma mguu wa kushoto. Alipofika kwenye wa kulia akasema haraka haraka ili apite, "Mwite mwenzangu aje," na, "Subiri baba, nimalize mguu huu," na vidole, na kimya, na swali la mama, na jibu lake la uongo. Akashusha karatasi.

Chini Redio alikuwa ameanza upya, Jumatano yake ikapanda ngazi na kupenya mlangoni.

"Alisema mwenzangu?" mama akauliza. "Hakusema mama yako?"

"Mwenzangu."

"Kwa mdomo wake."

"Ndiyo, mama."

Mama akaushusha mkoba, akauweka sakafuni kwa uangalifu mkubwa. "Asubuhi ile nilimwambia maneno," akasema. "Wewe ulikuwa bado umelala. Nilimwambia nimechoka, kule nafua mashuka ya wagonjwa na hapa nikirudi nakuta mengine. Hakunijibu. Akageukia ukutani. Nikatoka, sikuaga. Jioni nakuta mtu hayupo, wewe unaniambia hakusema kitu. Nikasema basi, amekufa amenigeukia ukutani." Akavuta pumzi. "Miaka miwili naishi na huo ukuta."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Unanitazama naamka, unanitazama nalala, unajua."

"Nilijua, mama."

Mama akasimama, na Chiriku akangoja kofi. Angelipokea, kwa kweli alilitamani. Lakini mama alimpita bila kumgusa, akaenda dirishani, akawa anatazama nje, mabega yanapanda na kushuka. Alichokuwa nacho usoni Chiriku hakukiona. Alisikia tu mara moja mama yake anasema, kwa sauti ya chini, siyo kwake, "Kumbe uliniita, bwana wewe," na baadaye kidogo, kwa sauti nyingine kabisa, kavu, "Mguu! Mtu anakufa, wewe unamalizia mguu."

Mama alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Akaenda mlangoni akaufunga, sauti ya Redio ikakatika. Akarudi kwenye kochi, safari hii akaketi vizuri, mgongo ukaegemea.

"Soma tena," akasema.

"Yote?"

"Anzia miguu iko kwenye maji. Na pale ulipomwambia asubiri usipakimbilie. Pasome kama ulivyomwambia."

Chiriku akainua karatasi. Herufi hakuzihitaji tena. Akasoma polepole. Akalitamka lile neno, mwenzangu. Akamwambia baba asubiri. Hakupunguza sauti. Mama alisikiliza amefumba macho, na walipofika mwisho alikaa hivyo hivyo, hakumwambia binti yake amemsamehe, wala hakumwambia aondoke.

"Tena," akasema mama.